MABINTI WANAOKOSEA: HADITHI TUNAZODAIWA NA WATOTO WETU



 

 

Ukurasa huu wa maoni huwa tunautumia kila mwaka kukumbushana mambo mazito: mahudhurio, michango, adabu ya mtoto kwa mzazi na ya mzazi kwa mwalimu. Safari hii tunaomba ruhusa ya kuzungumzia jambo ambalo baadhi yenu mtaliona jepesi. Tunataka kuzungumzia vitabu vya hadithi za kuchekesha, vile virefu kidogo vilivyogawanywa sura kwa sura, ambavyo shujaa wake ni mtoto wa kike anayekosea. Si binti mwema wa mfano. Ni binti anayesahau, anayeropoka, anayevunja chungu kisha akaficha vigae uvunguni. Tunasema watoto wetu wanavihitaji vitabu hivyo, na sisi wakubwa tumewanyima. Tutaeleza tulivyofika kwenye maoni haya, maana hatukuanzia hapo.

Kilichotokea kwenye Maulid

Wengi wenu mlikuwepo mfunguo sita wa mwaka jana. Turubai lilifungwa, wageni walikuja kutoka upande wa Handeni na upande wa Korogwe, pilau lilikuwa jikoni. Mwanafunzi wetu mmoja wa miaka kumi alipewa qaswida ya beti nane aisome peke yake. Jina lake hatulitaji, na tunawaomba nanyi msilitaje. Alikuwa ameihifadhi kwa wiki tatu. Mama yake alituambia baadaye kwamba aliisoma akienda kuchota maji, akaisoma akipukuchua mahindi, akaisoma hata usingizini.

Aliposimama mbele ya watu, maneno yakamkimbia. Alisoma ubeti wa kwanza vizuri, akaruka hadi wa tano, akarudi wa kwanza, kisha akamalizia kwa maneno ya qaswida nyingine kabisa, ile ya watoto wadogo ya kuhesabu nguzo za Uislamu. Watu wakacheka. Na sisi walimu tulicheka. Hatukucheka kwa ubaya, lakini tulicheka, na yeye alituona.

Wiki iliyofuata hakuja. Tuliambiwa ana homa. Wiki ya pili tuliambiwa anachunga mbuzi wa babu yake. Wiki ya tatu mwalimu wetu mmoja alikwenda nyumbani, na mama yake akamwambia ukweli: "Ustadha, mtoto hana homa. Anasema yeye si mtoto wa madrasa, kwa sababu watoto wa madrasa hawakosei."

Ndugu wasomaji, maneno hayo yalituingia. Tulikaa walimu wote kujiuliza mtoto ameyatoa wapi, maana hakuna kitabu cha dini kinachosema hivyo. Tena Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha, kama alivyopokea Tirmidhi, kwamba wanaadamu wote ni wenye kukosea, na wabora wao ni wale wanaotubia. Basi mtoto ameyatoa wapi? Baada ya kuzunguka sana tulikubali kwamba ameyatoa kwetu. Ameyatoa kwenye hadithi tunazosimulia.

Mabinti wawili tu

Hebu mzazi jiulize, ni hadithi zipi unazomsimulia binti yako? Tulipoziorodhesha zetu, tulikuta zina mabinti wawili tu. Wa kwanza ni binti mwema. Huamka kabla ya alfajiri bila kuamshwa, hufagia uwanja, huteka maji, husoma, hasemi neno mpaka aulizwe, na mwisho huolewa na mtoto wa Sultani. Wa pili ni binti mkaidi. Alikatazwa kwenda mtoni akaenda, zimwi likammeza, hadithi imekwisha.

Binti wa tatu hayumo. Na huyo wa tatu ndiye aliyejaa majumbani mwetu. Ndiye aliyetumwa mashineni na debe la mahindi akasimama njiani kuangalia harusi, akarudi magharibi na unga wa mtu mwingine. Ndiye aliyefunga Ramadhani yake ya kwanza kwa fahari kubwa, kisha akanywa maji kwa kusahau. Na aliposikia kwamba mwenye kula kwa kusahau funga yake haiharibiki, akasahau tena mara mbili kabla ya Alasiri. Mtoto huyu haliwi na zimwi wala haolewi na mtoto wa Sultani. Huonywa, hulia, hucheka, kesho yake huamka akaendelea kukua. Hadithi yake hatujamsimulia mtu.

Mwanafunzi wetu wa Maulid alijipima kwenye mizani hiyo. Alijua yeye si binti mwema, kwa kuwa amekosea mbele ya watu mia. Basi amebaki kuwa nani?

Alisi

Ustadha aliyekwenda nyumbani kwake hakwenda na hotuba. Alikwenda na kitabu. Kinaitwa Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, alikiazima kwa ndugu yake wa Dar es Salaam. Asili yake ni kitabu cha Kiingereza cha mwaka 1865 cha mwandishi Lewis Carroll. Tafsiri hii ya Kiswahili ni ya Ida Hadjivayanis, mwanazuoni wa lugha yetu, na ilitoka mwaka 2015. Lakini haikuwa mara ya kwanza mtoto huyu kusema Kiswahili. Mwaka 1940 palichapishwa huko London tafsiri iliyoitwa Elisi katika Nchi ya Ajabu, na picha zake zilimchora Elisi kama mtoto wa Kiafrika. Maana yake ni kwamba mababu na mabibi zetu waliosoma miaka ile wangeweza kukutana naye. Kwa nini sisi hatukuwahi kumsikia?

Kitabu kina sura kumi na mbili. Alisi anamfuata sungura aliyevaa koti, anaanguka shimoni, na kuanzia hapo hakuna linalokwenda sawa. Anakunywa asichokijua akawa mfupi, anakula asichokijua akawa mrefu mpaka kichwa kinagonga dari. Analia machozi mengi hadi yanakuwa dimbwi, kisha anapungua kimo na karibu azame ndani ya machozi yake mwenyewe. Humo dimbwini anakutana na panya, na kwa nia njema kabisa anaanza kumsifia panya huyo paka wake wa nyumbani jinsi anavyojua kukamata panya. Anaona amekosea, anaomba radhi, kisha anasahau anamsifia tena na mbwa wa jirani. Nani kati yetu hana mtoto wa namna hii?

Ustadha alifungua sura ya pili. Hapo Alisi, baada ya kubadilika kimo, anataka kujihakikishia kwamba bado ni yeye. Anajipima kwa masomo ya shule. Hesabu zinakataa. Jiografia inakataa. Anaamua kusoma shairi alilolihifadhi, anakunja mikono kama mtoto aliye mbele ya mwalimu, anaanza, na maneno yanayotoka ni mengine kabisa. Ndipo anapolia na kusema kwamba basi yeye hakika si Alisi tena, labda amegeuka kuwa mtoto mwingine wa darasani asiyejua kitu.

Mwanafunzi wetu alikuwa amejiinamia muda wote. Hapo aliinua uso akasema, "Kumbe na yeye!" Akacheka. Ustadha anasema hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu siku ile. Kisha akauliza swali ambalo hatutalisahau: "Walimfukuza?"

Hawakumfukuza. Alisi anaendelea na safari yake kwa sura nyingine kumi. Baadaye anakutana na kiwavi anayemtaka asome shairi jingine, anakosea tena, na kiwavi anamwambia wazi kwamba amekosea mwanzo hadi mwisho. Bado anaendelea. Anavumilia wajuaji, anabishana na Malkia anayetaka kila mtu akatwe kichwa, na mwisho mtoto yule yule aliyekuwa akizama ndani ya machozi yake anasimama barazani kwa hakimu na kusema kwamba hukumu wanayotaka kuitoa haina maana.

Tungependa kuwaambia kwamba mwanafunzi wetu alirudi kesho yake na sasa anasoma qaswida mbele ya watu. Haikuwa hivyo. Alirudi baada ya wiki mbili, akakaa nyuma, na hadi leo hataki kusimama mbele. Lakini amerudi. Na siku za Alhamisi huwakusanya wadogo chini ya mwembe akawasomea kitabu kile, na anapofika kwenye shairi lililoharibika, hulisoma kwa sauti kubwa kuliko sehemu nyingine zote.

Watundu wetu wote ni wanaume

Msidhani kwamba Kiswahili na Afrika Mashariki hazina vitabu vya kuchekesha. Vipo, na sisi tumekua navyo. Hekaya za Abunuwasi zimesomwa na vizazi na vizazi. Nani asiyemjua yule aliyemshawishi jirani kwamba sufuria yake imezaa, kisha siku ya pili akamwambia imekufa? Sungura wa ngano zetu ni mjanja, mvivu na mlaghai, na tunampenda hivyo hivyo. Hapo Uganda na Kenya, tangu miaka ya 1960, watoto wamesoma vitabu vya Kiingereza vya Barbara Kimenye kuhusu Moses, mvulana wa shule ya bweni ambaye kila jambo analogusa linageuka matata.

Lakini tazameni. Abunuwasi ni mwanamume. Moses ni mvulana, na shule yake yote ni ya wavulana. Hata Sungura, tukimsimulia, tunamfanya kaka. Mvulana mtundu tunamwita mjanja, tunasema atakuwa mtu huyo. Msichana akifanya lile lile tunauliza nani alimlea. Ndivyo ilivyo nyumbani na ndivyo ilivyo kwenye vitabu.

Hata wakubwa wetu wa fasihi walielekea huko. Shaaban Robert, mwana wa Tanga hii hii (1909–1962), alituachia Adili na Nduguze mwaka 1952. Adili ni mwema kabisa kama jina lake, na nduguze ni wabaya kama majina yao, Hasidi na Mwivu. Kitabu ni kizuri na tunawahimiza wanafunzi wakisome, hasa kwa ajili ya ule msamaha wa Adili. Lakini mtoto wa miaka kumi anayekisoma atajiona wapi? Si Adili, wala si Hasidi. Na hatusemi hili kumshusha marehemu. Yeye yeye ndiye aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke aliyetoka kwenye ufukara, akachekwa kwa sura yake, na akawa mwimbaji aliyesikika pwani nzima. Alijua kwamba maisha ya mwanamke yanafaa kuwa kitabu. Sisi tuliokuja nyuma yake ndio hatukuendelea na kazi hiyo kwa watoto.

Wenzetu wamefanyaje?

Kule Marekani alikuwepo mkutubi mmoja, Beverly Cleary. Alipokuwa mdogo alipata taabu kujifunza kusoma, akawekwa kwenye kundi la mwisho darasani. Alipokuwa mkubwa akafanya kazi maktaba, watoto walimuuliza viko wapi vitabu vya watoto kama wao. Hakuwa na la kuwajibu, akaamua kuviandika. Tangu mwaka 1955 aliandika visa vya msichana aitwaye Ramona. Ramona aliwahi kuingia stoo ya matunda akauma kila tofaa mara moja tu, kwa sababu kipande cha kwanza ndicho kitamu. Aliwahi kuminya dawa yote ya meno kwenye sinki ili aone inavyotoka. Aliwahi kujipasulia yai kichwani mbele ya wenzake shuleni akidhani limechemshwa, kumbe ni bichi. Cleary alifariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 104, na vitabu vyake bado vinasomwa. Ramona si mtoto mbaya. Kila mara alikuwa na sababu, na sababu yake ukiisikiliza unaielewa.

Na wapo Waislamu waliolifanya hili. Saadia Faruqi, mzaliwa wa Pakistani anayeishi Marekani, alianza mwaka 2018 kutoa vitabu vifupi vya sura sura kuhusu msichana wa darasa la pili aitwaye Yasmin. Yasmin ni Mwislamu, anaishi na wazazi wake na bibi na babu yake, na kila kisa anaharibikiwa na jambo kabla ya kulitengeneza. Dini katika vitabu hivyo haihubiriwi. Ipo tu, kama ilivyo nyumbani kwetu. Mtoto wa Kiislamu anapomsoma Yasmin haambiwi kwamba ili awe Mwislamu lazima asikosee.

Je, dini inasemaje?

Baadhi ya wazazi wametuuliza, na wana haki kuuliza. Hoja ya kwanza ni kwamba hadithi ya kutunga ni uongo, na Mtume (S.A.W.) amemwonya vikali anayesema uongo ili kuwachekesha watu. Onyo hilo tunalikubali kwa moyo wote, na tunawafundisha watoto wasizue mambo juu ya watu halafu wakasema "natania". Lakini uongo ni kumfanya mtu aamini kisicho kweli. Mtoto anayesikia "hapo zamani za kale" hadanganyiki. Waislamu wamesoma Kalila wa Dimna, alivyoitafsiri Ibn al-Muqaffa kwa Kiarabu, tangu karne ya nane, na humo mbweha na simba wanazungumza. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alimtunga Abu Zayd mjanja wa maneno kwenye Maqamat zake, na kwenye utangulizi alijitetea kwa hoja kama hii. Vitabu vyake vikasomwa na wanafunzi wa Kiarabu kila mahali. Anayetaka ufafanuzi zaidi wa kifiqhi awaendee masheikh wetu, milango iko wazi.

Hoja ya pili ni kwamba kicheko kinaondoa haiba ya dini. Hapa tunawakumbusha mwenendo wa Mtume mwenyewe (S.A.W.). Bukhari na Muslim wamepokea jinsi alivyokuwa akimtania mdogo wake Anas, aliyekuwa na kindege chake, kwa kumwita kwa kuniya kama mtu mzima na kumuuliza habari za kindege hicho. Abu Dawud amepokea kisa cha Bi Aisha (R.A.) na vinyago vyake vya kuchezea. Miongoni mwavyo alikuwemo farasi mwenye mbawa mbili. Mtume akauliza farasi gani ana mbawa. Bi Aisha akamjibu kwamba mbona farasi wa Nabii Suleiman walikuwa na mbawa. Mtume alicheka mpaka magego yake yakaonekana. Hakumwambia nyamaza, wala hakumwambia huo si uhalisia.

Na kuhusu mtoto anayekosea, tusikilize habari za Anas mwenyewe, ambaye Muslim ameipokea. Alitumwa na Mtume (S.A.W.) akiwa mdogo. Njiani akawakuta watoto wanacheza, akasimama. Mara akahisi ameshikwa shingo kwa nyuma. Alipogeuka alimwona Mtume, naye anacheka, akamuuliza kama amekwenda alikotumwa. Anas akasema anakwenda sasa hivi. Basi tutazame vizuri: huyu ni yule yule mtoto wetu wa mashineni na debe la mahindi. Anas alikua akawa miongoni mwa wapokezi wakubwa wa Hadithi, na mwenyewe ndiye aliyetusimulia kosa lake. Angekuwa amepigwa na kufedheheshwa siku ile, kisa hiki kingetufikia kwa ladha hii?

Hoja ya tatu ni kwamba vitabu hivi vitawafundisha watoto utovu wa adabu. Tumelipima hili kwa macho yetu. Wadogo wanaomsikiliza Alisi chini ya mwembe hawajaanza kunywa vitu wasivyovijua. Walichoanza ni kusema, "Mimi nilikosea." Mtoto anayejua kwamba kosa lina kesho hana haja ya kusema uongo. Anayeogopa kwamba kosa ndio mwisho wake ndiye anayeficha vigae uvunguni. Hata hivyo hatusemi kila kitabu kinafaa. Yule kiwavi wa Alisi anavuta buruma, na ustadha alipofika hapo alisimama akaulizana na watoto kuhusu uvutaji wa tumbaku. Ndiyo kazi ya mkubwa anayesoma pamoja na mtoto. Kitabu hakimlei mtoto peke yake, wala hatudai hivyo.

Tunapendekeza nini?

Vitabu ni ghali, tunajua. Familia iliyovuna gunia tatu za mahindi haitanunua kitabu kabla ya daftari na chumvi. Kwa hiyo hatumwambii mzazi anunue. Tunapendekeza haya, na tumeanza na yale tunayoyaweza.

Kwanza, kila Alhamisi baada ya Alasiri tutatenga nusu saa ya kusomeana kitabu, wavulana na wasichana, sura moja kwa wiki. Hakutakuwa na mtihani juu yake. Wavulana wasikilize pia, maana nao wakizoea kuwacheka wasichana wanaokosea, watakuwa waume na baba wa namna hiyo.

Pili, tutakuwa na sanduku la vitabu. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umesaidia vitabu vingi vya Kiswahili kuchapwa, na vingine viko mashuleni na kwenye makabati ya watu vinaliwa na mchwa. Mwenye ndugu mjini amwombe kitabu kimoja badala ya fulana. Walimu wawili wa kike na mama mmoja wa kamati watavisoma kwanza kabla ya kuviingiza sandukuni.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tuandike vyetu. Alisi ni mgeni mwema, Ramona na Yasmin ni wageni wema, lakini mgeni huondoka. Tunamtaka msichana wa hapa, anayejua njia ya kisimani, anayeuza machungwa stendi akakosea chenji, anayesikia Kizigua kwa bibi yake, Kiswahili shuleni na Kiarabu madrasa, na siku moja akavichanganya vyote mbele ya mgeni rasmi. Toleo lijalo la jarida hili, inshaallah, litakuwa na kurasa nne za visa vyake. Jina lake mtampa nyinyi wanafunzi. Kila atakayeandika kisa kimoja ataletewa daftari jipya na kamati. Masharti ni mawili. Kisa kichekeshe, na msichana asiliwe na zimwi.

Nne, wazazi, msimulieni mtoto kosa moja la utotoni mwenu. Moja tu, usiku mmoja. Mtaona atakavyowasogelea.

Neno kwa mabinti zetu

Mwisho tunasema nanyi mabinti. Tulikosea siku ile ya Maulid, na tunaomba radhi. Tulikuwa na haki ya kufurahi, hatukuwa na haki ya kumwacha mwenzenu alale na kicheko chetu peke yake. Mmoja wetu sisi walimu, ambaye leo anawasahihisha tajwidi, zamani alipokuwa mwanafunzi alisimama kusoma Tabaraka mbele ya sheikh wake na akajikuta yuko katikati ya Yasin, wala hajui alivuka vipi. Sheikh wake alicheka, akamwambia arudi mwanzo. Akarudi mwanzo. Hakuwahi kuwasimulia kisa hicho kwa sababu aliona aibu. Sasa ameona afadhali mkijue.

Adabu tutaendelea kuwafundisha, na kuhifadhi tutaendelea kuwadai. Hatujafuta hata somo moja. Ila mkikosea, jueni kwamba ninyi bado ni watoto wa madrasa hii. Rudini mwanzo wa ubeti, na sisi tutakaa tuwasubiri.

Maulid ya mwaka huu inakaribia. Qaswida ya beti nane ipo, na haijapewa mtu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.